Sabuni ya uani kwa Gloriose

Ziada, nimemfumania Japhet. Shoga, nimemfumania!!

Si unajua tangu kiwanda chao cha sabuni kifungwe mume wangu analala anatazama ukuta? Hali, haongei. Ugali anaubonyeza kwa dole gumba kama anapima sabuni, halafu anauacha.

Sasa wiki hii anaoga, anatoka asubuhi, anarudi ananukia. Nikasema basi, kapata mtu.

Leo nikachukua boda nikamfuata mpaka Gungu. Nikamkuta uani kwa Gloriose, yule mama wa Kirundi anayeuza mawese. ANACHEKA. Ziada, anacheka!

Ameshika mwiko, anakoroga sabuni, shati limelowa jasho. Wala hakushtuka. Eti, "Mke wangu, njoo ubonyeze hii ya jana, imeshika vizuri."

Gloriose naye: "Dada, mimi sikumwita. Alipita akaona nakosea, akaomba mwiko."

Nililia palepale. Lakini wivu haujaisha, umezidi! Kicheko kile mimi nimekisubiri ndani miezi yote hii, kaenda kukitoa kwa mama wa watu.

Niambie haraka, kostiki ya sabuni wanauza duka gani? Kesho anakoroga uani kwangu.