Nusu ya Haro

Kitale
8 Februari 2025

Kwa Mama Sifuna,

Salamu kutoka Kitale. Natumaini uko mzima na magoti yametulia, maana nilisikia yanakusumbua. Sisi tuko sawa, ni baridi ya asubuhi tu.

Najua umeshangaa. Tangu tumzike mzee Wanyonyi mwaka wa 1993 sijakuandikia, na wewe hujanitafuta. Nimetumia karatasi kwa sababu kwa simu, ukisikia ni mimi, unaweza kuzima. Kipruto wa lori ya mahindi anapita Bokoli, atakuletea.

Mukhisa wangu ameacha kazi Nairobi, amekuja kulima. Amenunua trekta kuukuu. Shamba ameshalima na plau ya kukodi, sasa limejaa mabonge kama vichwa vya ng'ombe. Kwa ua tumetoa ile chuma nilipewa siku ya kugawa vitu vya mzee. Ina mkono wa kufungia trekta na sahani saba zenye meno. Mukhisa anasema ni plau. Fundi anasema si plau. Wakiivuta, inapeleka trekta kando kama ng'ombe ameona daktari, na sahani zingine hazizunguki.

Wewe ndiye ulikuwa na mzee wakati wa mashine. Hii ni kitu gani? Mvua ikitupata na haya mabonge, hatuna mwaka.

Mama Mukhisa,
Wamboi


Bokoli
15 Februari 2025

Kwa Wamboi, mke mwenzangu,

Bwana asifiwe. Mimi Nakhumicha ndio nasema, Edinah wa Sifuna anaandika. Unaendeleaje? Mgongo wako? Kuku za huku ziliisha na kideri, imebaki jogoo moja na kiburi yake. Magoti iko vile iko. Nani alikuambia mambo ya magoti yangu? Ni huyo Kipruto. Mdomo yake ni kama redio.

Sasa hiyo chuma. Ati plau. Plau iko na sahani kubwa tatu ama nne, na kila moja imesimama na mguu yake. Hiyo yenu si imetungwa kwa chuma moja, kama samaki kwa kijiti? Hiyo ni haro. Haro inakuja nyuma ya plau, inavunja mabonge mpaka udongo inakuwa kama unga.

Na si haro mzima, ni nusu. Hiyo yenye meno ni mstari ya mbele, inakata na kutupa udongo kulia. Ya nyuma haina meno, inarudisha udongo kushoto. Mbili zikivutana, trekta inaenda sawa. Moja peke yake lazima ikimbie kando. Ya nyuma iko hapa kwangu.

Na mwambie Mukhisa asisumbue watu wa maduka na bearing. Hapo chuma inazungukia, akwangue, ataona kitu nyeusi kama makaa. Ni mti. Zile za kwanza ziliisha, na Balwant wa gereji ya Kitale akasema hizo hazitoki tena Uingereza. Mzee akaenda mlimani, akaleta mzeituni, akachonga kwa kisu. Halafu akachemsha hizo miti kwa oili ya injini siku mbili, mti ikunywe mafuta mpaka ishibe. Unajua alichemshia wapi? Kwa sufuria yangu ya harusi, ile mama yangu alinipa. Nilikataa kumpikia wiki mzima. Akakula ndizi mbivu na kupiga mluzi.

Edinah anasema nipunguze. Ngoja kidogo. Haro inataka uzito, bila uzito inacheza juu ya mabonge tu. Unajua uzito ilikuwa nini mwaka ya kwanza? Ni mimi. Nilikalia gunia juu ya hiyo fremu, sahani zinalia chini ya matako, ndege nyeupe zinatufuata nyuma kama watu ya harusi. Yeye anageuka, anasema, "Nakhumicha, kula ugali, bado uko mwepesi." Nikapata mimba ya Sifuna, akanitoa, akaweka mawe ya mto Kuywa. Mukhisa atumie mawe. Asikalishe mtu hapo. Sisi tulikuwa wajinga na Mungu alikuwa na kazi mingi.

Mke mwenzako mkubwa,
Nakhumicha


Kitale
24 Februari 2025

Mama Sifuna,

Salamu nyingi, na pole kwa kuku. Mgongo wangu unauma nikiinama, nisipoinama hauumi.

Ni mti kweli. Fundi alikuwa amezunguka maduka matano. Mukhisa alicheka mpaka akakaa chini. Nimemsomea hapo kwa mluzi mara mbili. Baba yake hakumwona, na sikujua kama alikuwa mtu wa mluzi. Kwangu alikuja akiwa mgonjwa tayari.

Nakuomba hiyo nusu ya nyuma, msimu huu tu. Tukimaliza kupiga haro, Mukhisa atairudisha.

Halafu kuna kitu kinanisumbua. Wale wazee walifungua haro, kila nyumba ikachukua mstari wake. Hakuna mtu hapo alijua kwamba nusu haifanyi kazi? Mwaka ule nilivunja mabonge kwa jembe la mkono, na Mukhisa tumboni, miezi saba.

Mama Mukhisa


Bokoli
3 Machi 2025

Kwa Wamboi,

Nakusalimu, na huyo kijana pia umsalimie. Huku mbuzi ya jirani imekula kitambaa ya kanisa, kesi iko kwa mchungaji. Nilikuwa nataka nikuambie hiyo yote, lakini naona nazunguka tu. Edinah, andika vile nasema, hata kama ni mbaya.

Mtu alijua. Ni mimi.

Siku ya kunyoa nywele baada ya mazishi, wazee walikaa kwa viti ya kanisa. Wakagawa ng'ombe, vyombo, mabati. Trekta ilikuwa imeuzwa. Wakafika kwa haro, mmoja akauliza, "Hii inaweza gawanywa?" Wote wakaniangalia, kwa sababu nilikuwa nimeikalia. Nikasema, "Inafungua na bolti nne."

Sikudanganya, bolti ni nne. Hayo mengine nikanyamaza.

Nilikuona umesimama pale na tumbo, bado msichana, na mzee alifia kwa kitanda yako, si yangu. Nilikuwa nimemngoja arudi kwangu miezi tano. Nikasema kwa roho, basi, hata huyu msichana asilime. Na mimi nikapata nini? Chuma ya kuku kulala. Sahani moja nilipea kanisa, wakaitundika, wanaigonga Jumapili kuita watu. Miaka thelathini na mbili inaniita, na mimi naenda, nakaa kiti ya mbele.

Hiyo ya jembe na miezi saba sikujua. Sikuuliza.

Haro ni yenu. Si ya msimu moja.

Nakhumicha


Bokoli
18 Machi 2025

Kwa Wamboi,

Habari ya huko. Natumaini ni uzima tu. Kipruto amepita hapa mara mbili mikono mitupu. Mara ya pili hata hakushuka, alinipungia tu, yeye mtu wa maneno mingi hivyo.

Mawingu imekaa juu ya mlima siku nne. Juzi ilinyesha kidogo, ya kutuliza vumbi. Naogopa hayo mabonge yenu.

Nimeenda kwa mchungaji, nimerudishiwa sahani. Wamepewa rimu ya lori wagonge, inalia kama mtu na mafua. Sifuna ametoa haro kwa ua, amekwangua kutu, sahani zote saba ziko. Miti ya ndani imeoza. Amepata kipande ya mzeituni, anachonga. Mimi nakaa hapo namwambia, punguza huku, acha huko. Mkono yake ni ya baba yake.

Si lazima uniandikie. Tuma tu kijana na trekta. Sitatoka nje kama hutaki anione.

Mke mwenzako,
Nakhumicha


Kitale
21 Machi 2025

Mama Sifuna,

Hujambo? Sisi ni wazima.

Barua yako nilikaa nayo. Siku ya kwanza nilitaka kuichoma. Siku ya pili nilichukua lile jembe la mwaka ule, bado ninalo, nikalima kitunguu mpaka mgongo ukakataa. Siku zingine sikufanya kitu.

Sijui kama nimekusamehe. Nitajua nikikuona.

Jumanne Mukhisa anakuja na trekta, amefunga ile nusu yetu juu ya trela, na mawe anataka ya mto Kuywa, hataki mengine. Hatakuja peke yake. Hajawahi kuona kaburi la baba yake, na mimi nililiona siku moja tu. Utatoka nje. Nani atatuonyesha?

Sifuna akimaliza kuchonga, msichemshe hiyo miti mpaka nifike. Naleta sufuria mbili. Moja ni kuukuu, ya oili. Ya pili ni mpya, hiyo ni yako.

Mdogo wako,
Wamboi