Kobe Saba Nyuma ya Ukuta wa Mabati

Mpendwa Mama Achieng, jirani yangu wa ukuta mmoja,

Nakuandikia hadharani kwa sababu sina njia nyingine ya kukufikia. Namba uliyoniachia iliacha kuita zamani, na mtu wa mwisho aliyekuwa na habari zako aliniambia tu kwamba ulirudi kwenu, upande wa ziwa. Hakujua ni ufuo upi. Huenda mtu akaisoma barua hii karibu na unapoanika omena, akakuambia kuna mzee wa Kawangware anakutafuta. Uliniuliza swali siku tulipoagana, nami niliahidi kukujibu. Jibu ninalo.

Unaukumbuka ule ukuta wetu wa Kibera? Bati lenye kutu, chumba chako huku, changu kule. Ukikohoa nakupa pole, nikipiga chafya unanitakia afya. Redio ilikuwa yangu lakini ilitutumikia sote: ukigonga bati polepole nilijua nipunguze sauti, ukigonga kwa nguvu nilijua matangazo ya vifo yameanza na unataka usikie kama kuna wa kwenu.

Desemba ile ya uchaguzi ulinikuta mlangoni nikiingiza sanduku la mbao. Ulifunua kifuniko, ukatazama, ukaniuliza, "Baba Mwende, hawa umewakalia?"

Sikukulaumu. Kobe wa miambani ni bapa kama chapati, na gamba lake hubonyea ukiligusa. Akishtuka hajifichi ndani ya gamba kama kobe wengine, bali hukimbia ajibanze katika ufa wa jiwe, na humo hata mbweha hamtoi. Wakati huo nilikuwa msaidizi wa daktari wa wanyamapori. Tulikuwa tukipanda miamba ya Kitui, kwetu nilikozaliwa na ambako ukame ulinitoa nikiwa kijana, kuwapima kobe hao: macho hayajazama? Pua ni kavu? Ulimi una rangi ya waridi au umepauka? Uzito wake unalingana na urefu? Kisha tulimtia kila mmoja alama ukingoni mwa gamba na kumrudisha kwenye ufa wake. Wamebaki wachache, kwa sababu kuna watu wanaowang'oa miambani kwenda kuwauza ng'ambo.

Wale saba walikuwa wamenaswa mikononi mwa wafanya magendo, na tuliwatambua kwa alama zetu wenyewe. Walikuwa na haki ya kurudi kwao, ila kwa sharti moja. Ilibidi wakae peke yao kwa wiki kadhaa, wasikutane na kobe mwingine yeyote, kisha wapimwe. Kobe akipata mafua kwa kobe wa kufugwa, akarudi nayo mwambani, anaweza kuwamaliza waliobaki. Akichanganyika, basi tena, ataishi kizuizini mpaka afe. Wahudumu wa kliniki yetu ya wanyama walipokwenda makwao kupiga kura, Daktari aliniomba niwatunze nyumbani mpaka sikukuu ziishe. Zikaisha, matokeo ya kura yakazua ghasia, na barabara zikafungwa.

Wiki ya pili ya Januari watu wa Ukambani nao wakaanza kutazamwa kwa jicho jingine mtaani kwetu. Siku ile asubuhi uligonga bati, si polepole wala kwa nguvu, ukaniambia kwa sauti ya chini kwamba umesikia nyumba yangu ikitajwa kule kwenye kioski. "Nenda kwa Mwende," ulisema. "Sasa hivi, kabla hawajaamka vizuri." Binti yangu Mwende alikuwa amepanga Kawangware. Nilikuwa na mfuko mmoja na magoti mawili mabovu. Sanduku nisingeliweza.

Kwa hiyo nilikufundisha kazi yangu yote kupitia ukutani, nikiwa nafunga viatu. Nilikuambia uwape majani, hasa yale magugu yenye maua ya njano yanayoota kando ya reli. Uwaweke katika karai lenye maji yasiyofika kidevuni. Kila asubuhi uwapime kwa mkono, maana mzima hulemea kiganja na mgonjwa huwa mwepesi. Wasikutane na kobe mwingine, hata yule anayefugwa na mchungaji wa mtaani kwetu. Na zaidi ya yote, umnyanyue kwa mikono miwili, taratibu, kwa sababu kobe wa nchi kavu hujiwekea maji mwilini kwa ajili ya kiangazi, na akiogopa huyamwaga yote kwa mara moja.

Ulisema umesikia. Ukang'oa misumari miwili ya bati, ukaingiza mkono, ukamnyanyua aliyekuwa karibu. Alikuwa yule jike mdogo uliyemwita Kifuniko, kwa sababu alilingana sawasawa na mfuniko wa sufuria yako ya ugali. Alikumwagia maji mpaka kwenye kiwiko. Nilitoka mlangoni nikikusikia ukimwambia, "Pole, mama. Hata mimi naogopa."

Yaliyofuata ulinisimulia baadaye, nami nayarudia hapa ili ujue kwamba sikuyasahau. Ulinieleza jinsi vijana walivyovunja kufuli yangu, wakachukua redio na kitanda, na vitabu vyangu wakaviwashia moto wa kuota. Walipofika kwenye sanduku mmoja wao alikuuliza, "Mathe, hizi ni za yule Mkamba?"

"Sasa mnatafuta mpaka kabila la kobe?" uliwajibu. "Muulizeni basi kitambulisho."

Mwingine akainama, akamtazama Kifuniko usoni. "Huyu ni mzee, ako na ile kitambulisho ya zamani," akasema. Wakacheka, na walipocheka ulijua umeshinda. Usiku uleule uliwahamishia upande wako kupitia lile tundu la bati.

Ulinisimulia pia habari za maji, jinsi wauzaji walivyofunga mifereji na watu wakapanga foleni tangu alfajiri, nawe ukarudi na mtungi mmoja, ukawagawia kobe kabla ya kupika. Sikuwahi kukushukuru kwa hilo inavyostahili.

Kisha mambo yalipotulia kidogo na wakubwa wa siasa wakapeana mikono, nilikuona ukiingia uani kwa Mwende kwa miguu kutoka Kibera, karai kichwani, leso juu yake, na juu ya leso tabaka la omena. Ulisema hakuna kijana wa vile vizuizi vya barabarani aliyetaka kufunua harufu ile. Saba walitoka humo wakiwa hai. Mwende alilia. Mimi niliwahesabu kwa kisingizio cha kazi ili nisilie.

Daktari alikuja kesho yake, nawe ulilala kwetu ili umngoje. Aliwapima kwenye meza ya Mwende, na jambo la kwanza alilosema ni kwamba hajawahi kukutana na kobe wanaonuka samaki. Sita walikuwa wazito, macho yao maangavu. Wa saba alikuwa Kifuniko. Pua yake ilikuwa na unyevu, na kila alipopumua kilitokea kipovu kidogo. Daktari akaacha kutabasamu. Alikugeukia akakuuliza kwa upole, lakini akakuuliza, kama walikutana na kobe mwingine yeyote.

Ulikunja leso yako mapajani. Kisha ukatueleza kwamba alikuwapo mwingine. Msichana wa kazi kutoka mtaa wa Ayany, ambaye waajiri wake walikimbia na kuacha kobe bustanini, alikuletea kobe huyo usiku akasema wewe ndiwe mama wa kobe. Hukuweza kumfukuza. Kobe wake ulimweka ndooni nje ya mlango, ukampa majani kwa mkono mwingine na maji katika kopo lingine, ukawa unanawa kwa sabuni kila unapotoka huku kwenda kule, mpaka kobe huyo alipopata pa kwenda. Majirani walikucheka kwa kuwatenga viumbe ambao hawana hata ugomvi.

"Daktari," ulimwambia, "mwezi huo kila mtu alikuwa anatengwa na mwenzake ili asirudi nyumbani. Hawa niliwatenga ili warudi."

Kuhusu ile pua, ulisema si mafua, ni moshi wa polisi. Siku mbili kabla mabomu ya machozi yaliangukia kichochoro chenu, na Kifuniko alikuwa upande wa mlangoni. "Hata mimi bado natiririka," ulisema, ukajifuta kwa leso kama ushahidi.

Daktari alikuamini, lakini aliye makini haachii hapo. Alichukua ute wa pua kwa pamba ukapelekwe maabara. Majibu yangechukua siku, nawe ulikuwa na basi la kupanda. Dada yako alikuwa amekuita ziwani na chumba cha Kibera ulikuwa umekichoka. Pale kwenye lango la Mwende uliniuliza, "Utaniambia kama walirudi?" Nikasema nitakuambia.

Walirudi, Mama Achieng. Pua ilikauka yenyewe, na maabara haikuona ugonjwa. Mvua za masika ziliponyesha tuliwapeleka Kitui, wote saba. Kifuniko alikimbia moja kwa moja hadi ufa wake wa zamani akajipenyeza kana kwamba alikuwa ametoka kuteka maji tu.

Mimi sikurudi Kibera. Nilibaki Kawangware, nikawa mzee wa watu nisiowajua, na mara nyingi bado nagonga ukuta kwa kidole kisha nakumbuka kuwa hapa ni mawe. Lakini mwezi uliopita Daktari alinialika tena kule miambani, kwenye upimaji wa mwaka. Vijana walinishika mikono kupanda. Katika ufa uleule wa Kifuniko walikuta jike mkubwa mwenye alama yetu ukingoni. Macho maangavu, pua kavu, ulimi wa waridi. Daktari alipapasa mbele ya mguu wa nyuma, akaniambia nami niguse. Lilikuwa yai. Hutaga moja tu kwa wakati, na hilo lilikuwa tayari.

Niliomba nimrudishe mwenyewe. Nilimnyanyua kwa mikono miwili, taratibu, kama nilivyokufundisha kupitia bati, na nikamwambia maneno yako uliyomwambia siku ile alipokumwagia maji, ila nusu tu, kwa sababu nusu ya pili haikuhitajika tena. Alitulia kiganjani, mzito, mpaka ufani. Hakumwaga hata tone.

Kaa salama huko ufuoni, na ukinisikia gonga.

Ni mimi jirani yako wa upande wa pili wa bati,
Baba Mwende