Adapta Aliyoleta Baba Mkwe

Jumanne, 8 Septemba

Nimesahihisha madaftari ya Kidato cha Pili, nimepiga deki, nimeinjika makande, ndipo nikaketi na darubini. Rimoti yake imekufa kabisa, haiwaki. Kwa hiyo laptop ndiyo iiambie darubini igeukie wapi na iufuate mwezi. Darubini ni ya zamani, waya wake una plagi ya pini tisa. Laptop ina matundu ya USB tu. Katikati inatakiwa adapta.

Niliyonunua Mbulu mjini imegoma. Laptop inaandika kwamba chipu yake si halisi. Yaani mashine imeijua feki kabla yangu mimi mwenye digrii ya fizikia.

Wazazi wa wanafunzi wanakuja Ijumaa ya wiki ijayo kuuona mwezi. Mkuu wa shule ameshatangaza kanisani. Asante sana, mkuu.

Alhamisi, 10 Septemba

Nimempigia Neema, niliyesoma naye chuo, sasa anauza kompyuta Arusha. Atanitafutia yenye chipu orijino aipakie kwenye basi. Anasema nisidanganywe na boksi zuri, niangalie chipu. Nitaiangaliaje na imefunikwa plastiki? Amecheka. Mimi sikucheka.

Baridi.

Jumapili, 13 Septemba

Siamini.

Baba mkwe amekuja kutoka Maretadu baada ya ibada. Niandike ukweli: tangu nilipokataa kukaa kwake baada ya harusi, nikaja kufundisha huku Tlawi, mzee huyu hunipa marahaba yangu na basi. Haongezi neno. Anaongea na mume wangu Boay, anacheza na mtoto, mimi nakuwa kama kiti.

Leo nimemwamkia shikamoo. Marahaba. Kisha akatoa kitu mfukoni mwa koti, kimefungwa kwenye gazeti. Adapta! Ya bluu, mpya. Alikwenda Babati kuuza maharage. Boay alikuwa amemwambia ninavyohangaika, akaingia duka la simu akaulizia. Mzee asiyemiliki hata simu ya tochi, amesimama dukani anaulizia plagi ya pini tisa.

"Nimeambiwa unatafuta hii," akasema.

Nikasema asante Baba, nikakimbilia jikoni, nikalia. Boay aliponikuta nikamwambia ni moshi.

Jumatatu, 14 Septemba

Kipimo changu cha adapta ni hiki. Naunganisha, nainjika makande, naiacha laptop iongee na darubini. Makande yakiiva na bado zinaongea, adapta inafaa. Mwenye haraka apike wali.

Ya Baba ilikubali mara moja. Nikapiga makofi peke yangu. Mahindi hayajaanza hata kulainika, ikakatika. Nikachomoa, nikachomeka. Ikakatika. Nikahamia tundu lingine, laptop ikaipa namba mpya kama kifaa kigeni, nikaanza upya kila kitu. Ikakatika. Ikikatika, darubini haipati amri tena, na mwezi unatoka kwenye kioo huku watu wamepanga foleni.

Nimesonya mpaka mtoto akaja kuuliza kuna nini.

Jumatano, 16 Septemba

Ya Arusha imefika. Nyeusi, nzito, sura mbaya. Makande yameiva, tumekula, vyombo vimeoshwa, bado inaongea. Ndiyo hii. Nimepaka rangi ya kucha pembeni ya tundu lake nisije nikakosea.

Ningefurahi, lakini Boay anataka nitumie ya Baba. Mzee anakuja Ijumaa. Ameshawaambia watu Maretadu kwamba darubini ya Tlawi inaendeshwa na kifaa chake. Nikasema itakatika. Boay akasema ikikatika uchomeke tena, kwani kuna nini? Nikapandisha sauti. Naye akapandisha. Halafu akaja na akili nyingine: nitumie nyeusi, ya Baba niichomeke tundu la pili ikae tu, aione.

Aibu yangu ni kwamba nilikaribia kukubali.

Alhamisi, 17 Septemba

Sijalala vizuri. Nimefoka darasani bila sababu.

Nikimdanganya, kila akija nitaichomeka ile bluu ya maonyesho na kujichekesha. Nikimwambia, tunarudi kwenye marahaba.

Nataka huyu mzee anipende. Basi, nimeandika.

Ijumaa, 18 Septemba

Baba alifika mapema, wazazi bado. Nikamwamkia, nikasema hapo hapo kabla sijaishiwa nguvu. Baba, uliyoniletea inakatika, leo natumia nyingine, nisamehe. Boay akaangalia viatu vyake.

Mzee akanyoosha mkono. Nikampa. Akaigeuzageuza. Akauliza nimejuaje. Nikamweleza habari ya makande, yote, mpaka sufuria. Nilijisikia mjinga.

"Maharage ya nani?"

Ya kwako, Baba. Ya Maretadu.

"Yaliiva?"

Yaliiva.

Akaitia adapta mfukoni, akaenda kukaa benchi la mbele. Nikajua nimeharibu.

Giza lilipoingia mwezi ulikuwa nusu, juu kabisa, hakuna wingu. Ile nyeusi haikukatika hata mara moja. Akina mama walipiga vigelegele. Mkuu wa shule alihutubia kama darubini ni yake. Mimi nilikuwa nawasikia kwa mbali tu.

Baba aliinama kwenye darubini mwisho wa wote. Alikaa mpaka watu wakaanza kukohoa. Aliponyanyuka aliniangalia mimi, si Boay.

"Kuna mashimo," akasema.

Ndiyo Baba, mengi.

Akavaa kofia yake, akaondoka na pikipiki ya jirani yake. Boay hakunisemesha hadi tukalala.

Jumatatu, 21 Septemba

Kazi kama kawaida. Mtihani wa majaribio. Boay ameanza kuongea, anaomba chumvi. Kwa Baba kimya.

Jumatano, 23 Septemba

Ukungu hadi saa nne. Sina kipindi asubuhi, nilikuwa nafua.

Kijana wa pikipiki kutoka Maretadu ameshusha gunia dogo la maharage mlangoni. Nikamwambia Boay hayupo, maana kila kitokacho kwa Baba huja kwa jina la Boay. Akasema hapana, mzee amesisitiza ni ya mwalimu. Ya kupimia.

Anasema pia mzee amekwenda Babati kurudisha ile adapta, na duka zima lilimsikia.

Nimeyachambua, nimeyaosha, nimeinjika makande. Leo sina cha kupima.