Uvimbe wa Upande wa Kushoto

Jumanne, 16 Julai

Majani nimekata. Maji nimechota. Shule nimechelewa tena. Ng'ombe kanipiga kichwa kifuani wakati namwekea majani, nusura nilie. Hakunipiga sana. Amepiga pale pale kilipo kile kitu. Kiko chini ya chuchu ya kushoto, kigumu, kama punje ya harage. Kinauma hata nikivaa shati.

Cha mama nacho kilianzia kushoto. Tulimzika hapa hapa kihambani, kwenye migomba yetu, wakati wa Kwaresima. Mimi nina miaka kumi na minne. Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 19 Julai

Mpira baada ya vipindi. Timu yetu ikapangiwa kucheza vifua wazi. Nikasema nina homa. Prosper, rafiki yangu tangu darasa la kwanza, akadhani natega, akanivuta shati juu. Wote wakaona.

"Oya, mwana ana maziwa!"

Mpaka tunatoka shule jioni jina langu lilikuwa Mama Kijacho. Wacheke tu. Ingekuwa ni aibu peke yake ningeshukuru. Wao wanaona matiti. Mimi naona kitanda cha mama.

Jumapili, 21 Julai

Baba kashuka mlimani. Ni mpagazi wa watalii, akiondoka na wageni anakaa huko wiki nzima. Kaja midomo imebabuka, kalala na viatu. Nilikuwa nimepanga kumwambia leo. Nikamkuta jikoni amesimama na mwiko mkononi, mtori wa ndizi unaungua, hana habari. Nikaepua sufuria. Sikusema.

Mtu huyu kauguza mke mpaka mwisho. Kamwogesha, kamlisha, kamgeuza kitandani. Simletei mgonjwa mwingine.

Naogopa sana. Hilo naliandika hapa kwa sababu sina pa kulisema.

Jumatano, 24 Julai

Kimetokea na kulia.

Cha mama kilihamia kwapani. Najipapasa makwapa kila nikiingia bafuni. Nakumbuka siku ya kwanza aliporudi zahanati, alikuwa anacheka. Walimwambia si kitu, ni maziwa yameganda, maana alikuwa ananyonyesha mdogo wangu Neema. Akakaa na hiyo "si kitu" yake mpaka ikawa donda. Nawachukia waliomwambia. Nachukia hata alivyocheka.

Nimempa Prosper njumu zangu za mpira. Kauliza mara mbili kama nimechanganyikiwa. Nikasema zinanibana. Uongo. Baba kapanda tena mlimani.

Jumamosi, 27 Julai

Bibi kanikamata bombani. Nilikuwa nimejifunga kitambaa cha kitenge kifuani, nimekikaza, shati juu yake. Macho ya bibi hayaoni uzi kwenye sindano, lakini hiki kakiona. Akakifungua mwenyewe. Akaguna. Akasema ni hao kuku wa kisasa tunaokula siku hizi.

Kuku! Nyumba hii mara ya mwisho kula kuku ni kwenye matanga. Nilicheka mpaka kicheko kikaharibika.

"Bibi, si kuku. Ni ugonjwa wa mama."

Akakaa chini, kwenye tope, na kanga yake safi. Akanishika mguu, hakuniachia. Kisha akaniambia nikamletee simu.

Jumatatu, 29 Julai

Baba kamwachia mwenzake mzigo wa wageni huko huko njiani, kashuka. Hatapewa kazi tena na kampuni ile, anajua. Asubuhi tumeenda hospitali mjini. Njia nzima sikumwangalia.

Daktari mwanamama. Nikamwamkia. Akanipima kifua, makwapa, shingo, akauliza sauti imeanza kubadilika lini. Akatabasamu. Balehe, akasema. Wavulana wengi sana huota hivyo, wengine upande mmoja, wengine pande zote mbili. Baada ya mwaka, au miaka miwili, huwa inaisha yenyewe.

"Si kitu, mwanangu."

Hapo nikapiga kelele. Nilimwambia mtu mzima, daktari, kwamba ni mwongo. Kwamba hivyo hivyo ndivyo walivyomwambia mama yangu. Sijawahi kumfokea mkubwa maishani. Baba alikuwa ameinamisha kichwa.

Daktari hakukasirika. Akamuuliza baba kuhusu mama, akasikiliza yote. Akaanza kunipima upya, polepole. Akanishikisha kwa kidole changu mwenyewe: kiko katikati kabisa chini ya chuchu, kinasogea, pande zote mbili vinafanana. Cha mama hakikuwa hivyo. Akasema nirudi baada ya miezi sita, au hata kesho kikibadilika au nikiogopa tu. Hakusema tena si kitu.

Nje, kwenye benchi, baba akalia mbele za watu. Akasema na yeye alikuwa na hali hii, umri kama wangu, wenzake walikuwa wanamwimbia kumcheka. Ilikuja ikaisha, akasahau. Nikamuuliza mbona hakuwahi kuniambia. Akasema mambo ya mwili alikuwa anamwachia mama.

Jumapili, 4 Agosti

Ukungu haujatoka tangu alfajiri. Neema kalala mapajani kwangu, ndiyo maana mwandiko uko hivi.

Uvimbe upo. Unauma nikilala kifudifudi. Siuogopi tena. Prosper kaja kunirudishia njumu, nikazipokea. Nilidhani nikipata jibu kama hili nitafurahi.

Nimelia tangu tutoke misa. Kwenye mazishi sikulia, watu wakanisifu kwamba ni mwanaume. Kumbe sikuwa nimeachana na mama bado. Nilipougusa uvimbe mara ya kwanza nilijua namfuata, na pamoja na woga wote ule, nilikuwa sina upweke. Alikuwa ametangulia kidogo tu.

Sasa wamesema nitakua. Nitaota ndevu, nitaoa, nitazeeka. Miaka yote hiyo ni ya kuishi bila yeye.