Wimbo wa Ng'ombe Aliyelala

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hukupenda salamu ndefu. Mtu akianza kuulizia shamba na mifugo na watoto, ulimkatiza: "Sema shida yako." Basi nasema. Ijumaa tulifanya mahafali ya chekechea hapa Endasak, ya kwanza bila wewe kwenye benchi la mbele, na wimbo wa watoto ulikuwa aibu tupu.

Ungewaona. Watoto thelathini na wanne wa miaka mitano, wamevalishwa majoho meusi yanayofagia vumbi, kofia zinawaangukia puani. Wimbo ulitoka kwenye flashi ya mwenyekiti wa kamati ya wazazi, yule mwenye mashine ya kusaga, ambaye tangu anunue spika mbili amekuwa mtaalamu wa muziki. Kiingereza kitupu. Mimi nimeusikiliza mpaka mwisho na nimeuelewa: kijana anamaliza chuo kikuu, anawaaga marafiki wa miaka na miaka, anasema hatasahau walivyopendana na kuachana. Haya. Watoto wetu wamejuana tangu Januari. Wengine bado wanajikojolea.

Spika ziliimba, watoto wakafungua na kufunga midomo. Msichana mmoja wa mstari wa nyuma alipiga miayo mirefu katikati ya kiitikio, na hakuna kilichopungua, sauti iliendelea vilevile. Wazazi walikuwa wameinua simu. Wimbo ulipokwisha walipiga makofi, na mwenyekiti akainama kuyapokea, utadhani koo lililofanya kazi ni lake.

Nilikumbuka mahafali yangu ya kwanza, mama. Nilikuwa nimeletwa kutoka Morogoro kuja kufundisha, nimeolewa na mwanao, nina haraka ya kuonekana msomi. Nikawafundisha watoto wimbo mfupi wa Kiingereza wa kulala. Wi slip, wi slip, yaani sisi tunalala, mkono shavuni, macho yamefumbwa. Waliupenda kupita kiasi, na mimi nikajisifu kimoyomoyo. Siku yenyewe, mbele ya wageni, hakuna aliyeweka mkono shavuni. Waliweka vidole kichwani kama pembe. Wawili wakapiga magoti, wakaanza kulia mooo. Nilitamani ardhi inimeze. Wewe ulicheka mpaka ukajifuta macho kwa kitenge, peke yako, huku mgeni rasmi akikutazama.

Jioni tulikaa jikoni tukichambua maharage ndipo ukanieleza.

"Mama Juliana, hao watoto hawajakosea. Wamesikia slee."

Slee ni ng'ombe kwa Kiiraqw. Mwaka mzima nilikuwa nawaambia watoto sisi ni ng'ombe, sisi ni ng'ombe, na wao wakakubali kwa moyo mmoja.

"Haya, sema wewe," ukaniambia.

Nikasema kitu.

"Ulimi pembeni, siyo mbele! Pembeni!"

Nikajaribu tena. Ukaniambia kwa lafudhi hiyo hata ndama hawezi kugeuka. Hukuwa mtu wa kubembeleza. Lakini kabla maharage hayajaisha tulikuwa na wimbo. Mtoto mmoja analala chini, wenzake wanamzunguka na kuimba, "Ng'ombe wetu amelala, nani atamwamsha?" kisha wote kwa pamoja, "Slee!" na aliyelala anaruka. Basi. Wimbo wote huo. Hata yule anayelia kwa kumtaka mama yake aliuweza.

Halafu ukanipa kazi ya Jumatatu. "Simama njiani wakienda nyumbani. Sikiliza wanaimba nini. Kama hawaimbi, hukuwafundisha wimbo, umewasimamisha juani tu." Tangu hapo, kila Jumatatu baada ya mahafali nilisimama kwenye kona ya kwenda kisimani, na kila mara nilimsikia ng'ombe wetu akiamshwa mpaka kwenye mashamba ya mahindi. Nikirudi nyumbani nakuta umesikia pia ukiwa uani. Hukunisifu hata siku moja. Ulisema tu, "Nimesikia," ukaendelea na kazi zako. Na mimi nililala na furaha ya neno hilo moja.

Sasa umeshajua ninakokwenda, maana ulinijua.

Wimbo wa Ijumaa ulichaguliwa na watu watatu: mwalimu mkuu, mwenyekiti, na mimi. Nilipotaja wetu, mwenyekiti alicheka. "Mwalimu, ng'ombe tena? Tunataka hawa watoto watoke kwenye ng'ombe. Wazazi wanataka kusikia Kiingereza." Maneno hayo yametoka kwa mtu aliyekuzwa kwa maziwa mpaka akapata kitambi. Mwalimu mkuu akawa anaangalia simu yake. Wakanisubiri. Nami, niliyekaa jikoni mwako miaka yote hiyo, nikasema, "Sawa tu."

Sikusema hata neno la tatu. Nilikuwa nimechoka, haikuwa imetimia miezi minne tangu tukuzike, lakini usinitetee. Namdharau mwenyekiti, namdharau na flashi yake. Ila yeye hakuujua wimbo mwingine. Mimi niliujua, nikaukana.

Jumatatu nilisimama kwenye kona. Walipita wote. Waligombania mpira wa makaratasi, mmoja akalilia kiatu. Kiingereza cha Ijumaa hakikutoka hata silabi. Nilibaki pale mpaka vumbi likatulia, na nilikukumbuka sana.

Jumanne nikasogeza madawati ukutani. Nikamlaza mtoto mmoja katikati, nikawaimbia mstari wetu, kisha mahali pa kuitikia nikaitikia mwenyewe, maana mwaka huu sikuwa nimewafundisha. Nikasema slee kwa ulimi wangu huuhuu wa Morogoro.

Darasa zima likapasuka kwa kicheko. Yule msichana aliyepiga miayo alikuja mpaka mbele yangu, akafungua mdomo wazi anionyeshe ulimi unapokaa.

"Siyo hivyo, mwalimu. Pembeni."

Alinitazama kwa dharau safi kabisa, ile yako, mama, ya kwenye maharage. Nikarudia. Akatikisa kichwa. Nikarudia mara sita, na mara zote sita walicheka, halafu wakachoka kunisubiri, wakaitikia wenyewe.

Mwakani kwenye kikao nitaongea zaidi ya maneno mawili. Mwenyekiti aje na spika zake, atazirudisha kwenye mashine yake.

Lala salama, mama. Jana nilisimama tena kwenye kona ya kisimani.

Nimesikia.

Mkweo, ambaye mpaka leo hajui kumtaja ng'ombe.