Sauti Aliyoijua Mama

Mujukuu wangu Aline,

Salamu zako za Lubumbashi zimefika. Huku Kasongo tuko, tunamushukuru Mungu. Mujomba wako ametoka Wamaza na mihogo. Mimi magoti yamechoka, hata kanisani ninaenda polepole.

Unauliza kinanda cha kanisa cha wakati wa Wabelgiji kililia namna gani. Kilikuwa na mirija ya mbao na ya bati, na kilivuta pumzi kama mutu anayetaka kuimba. Kisha muchwa wakakula murija mumoja wa sauti nzito. Wimbo ukifika pale, kimya.

Baba yangu, seremala wa misheni, aliomba ruhusa kwa Padri achonge mwingine. Mama alikuwa mugonjwa kitandani, lakini masikio yake yalikuwa mazima. Baba alichonga kando yake, akaupuliza kwa kinywa.

"Iko sawa?"

"Bado. Ile sauti yetu ilikuwa nzito zaidi."

Baba akaanza mwingine, murefu zaidi, na mwingine tena. Asubuhi moja Mama alifumba macho, akasikiliza.

"Ni ile," akasema. "Peleka."

Hakuisikia kanisani. Misa ya kwanza ya murija ule ilikuwa ya maziko yake. Baba alisimama bila chozi mpaka wimbo ulipofika pale. Sauti ikatoka, nzito na laini. Akashika benchi, akalia.

Mukono umechoka, ninaacha hapa. Ukipiga kinanda huko, usizikimbize sauti nzito. Ziache zimalize.

Nkambo yako,
Felista