Bunju wa Mto Wami

Mjukuu wangu Rukia,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku hatujambo, mama yako mdogo kajifungua mtoto wa kiume. Unaniuliza huyo samaki bunju uliyemwona ziwani Kigoma kafikaje, wakati sisi tunamjua ni wa baharini. Kumla usimle, ana sumu. Mengine hata mimi yananichanganya.

Nilipokuwa msichana tulichota maji mto Wami. Bahari ikijaa, chumvi hupanda mtoni, kwa hiyo tulionja kwanza. Siku moja nimefunga Ramadhani, nikaogopa kuharibu saumu. Nikachota bila kuonja, kutazama ndooni, bunju! Kajivimbisha kama chungwa. Nikajua maji ni ya chumvi, nikayamwaga. Nikarudi na ndoo tupu, na magharibi inaingia.

Jirani akatugawia maji yake, tukafuturu. Hayakuwa na chumvi hata kidogo.

"Umeyachota wapi, dada?" nikamuuliza.

"Si palepale ulipokuwa wewe!"

Mpaka leo sijui aliyepotea ni yule samaki au ni mimi. Wewe hujafunga, Rukia. Onja maji ya hilo ziwa, uniambie.

Bibi yako, Saadani